Kidole Huanzia Kwenye Ndiyo

Rukiyo, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Bulla Iftin, anasema aliingia dukani kwa Hirsi alasiri kutafuta chai, akanikuta peke yangu gizani, nimesimama mbele ya televisheni, na ndani ya televisheni mna mfalme. Mfalme amevaa taji, ndevu zake nyekundu kama zimepakwa hina, amekaa kwenye kiti cha dhahabu. Anasema mfalme huyo alikuwa akiniposa. Mimi nikajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, "Sitaki!" Mfalme akauliza tena. "Sitaki!" Akauliza tena. Nilipokataa mara ya mwisho mfalme akakasirika, akazima umeme wote wa duka, na Rukiyo akatoka mbio akaacha ndara moja mlangoni. Anaapa wallahi. Anasema mpaka harufu ya ubani aliisikia.

Ndara ni kweli, nilimrudishia mwenyewe. Harufu ilikuwa ya dizeli, kwa sababu jenereta ya Hirsi ilikohoa ikafa. Mfalme pia ni kweli, na "sitaki" nilisema, tena nyingi kuliko alizosikia yeye. Ila mfalme hakuniposa. Aliyeniposa ni Dagane wa Diff, ambaye hana taji, ana lori na ngamia na watoto wawili walioachwa na marehemu mkewe.

Ningecheka kama wengine walivyocheka. Lakini siku zile nilikuwa nimeshaahidiwa kwa Dagane kwa sababu ya kimya changu, na nilikuwa natafuta njia ya kukirudisha.

Ilikuwa hivi. Kabla ya mvua kubwa, Adeer Barre alikuja kwetu na wazee wawili. Yeye ni kaka wa marehemu baba yangu, kwa hiyo ndiye walii wangu wa ndoa. Wakakaa kwenye mkeka uani, mama akakaa nyuma ya pazia, nami nikaitwa nikaketi pembeni. Adeer akasema, "Bilan, Dagane wa Diff ameleta maneno. Ni mtu wa swala, hana ugomvi na mtu. Wewe ndiye wa kuulizwa. Kama hutaki, sema."

Mimi si mtu wa kuropoka. Hutazama kwanza. Nikautazama mkeka, palikuwa na sisimizi amebeba punje ya sukari iliyomzidi, na mimi nikawa napanga maneno. Mbele ya wazee huwezi kuanza na hapana. Unaanza na shukrani: nashukuru kwa kunikumbuka, nashukuru kwa kuja na jua hili, Dagane sina ubaya naye. Halafu ndipo unafika. Nilikuwa bado kwenye shukrani, ndani ya kichwa changu, mzee mmoja akasema, "Alhamdulillah, amenyamaza." Wote watatu wakageuza viganja juu, wakasoma fatiha, wakajipangusa nyuso. Yameisha.

Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali. Husemwa ni haya imemfunga mdomo, na haya ni ndiyo. Sheria hiyo niliijua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kimya huanza kuhesabiwa mapema vile.

"Mbona hukusema?" mama aliniuliza walipoondoka.

"Nilikuwa naanza, hooyo."

"Unaanza! Mtu anaanza mpaka anazaa mtoto wa tatu."

Kisha mvua ikanyesha. Mnaikumbuka wenyewe, ile iliyonyesha kama haina nia ya kwisha. Mto Tana ukavunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika, na upande wa pili njia ya Diff ikawa ziwa. Dagane akakwama Liboi, kule mpakani, na lori lake. Harusi ikaambiwa ingoje maji yashuke. Watu wote wa Garissa walikuwa wakiomba maji yashuke, nami kila asubuhi nikitoka nje kuangalia kama hayajashuka.

Chai yangu naiuzia mlangoni kwa Hirsi. Duka lake ni la kuonyesha filamu, la mabati, lina mapazia meusi na mabenchi. Barabara ilipokatika kanda mpya za Kihindi hazikuja, na zile za zamani watu walishazijua hata wanasema maneno kabla ya mwigizaji. Ndipo Hirsi akatoa chini ya meza mashine ya gemu iliyoingia kwa njia ya Liboi katikati ya magunia ya sukari. Gemu ilikuwa moja tu, kanda nene kama kipande cha sabuni. Mvua ilipozidi akanichungulia mlangoni na kuniambia, "Abaayo, ingia ndani na birika lako. Mimi nilikuomba chai, sikukuomba mto."

Abaayo ni dada. Nikaingia, nikakaa pembeni na birika na jiko, na baada ya siku chache hakuna aliyenikumbuka kuwa nipo. Muuza chai ni kama kopo. Hapo ndipo niliposoma ile gemu yote, kwa macho.

Waliocheza hasa walikuwa wawili. Hanad, mpwa wa Hirsi, amemaliza kidato cha nne Nairobi, alikuja kumtembelea akafungiwa na maji. Na Yarow, utingo wa lori lililozama tope hadi ekseli. Gemu ile si ya kupiga risasi wala kukimbiza magari. Ni hadithi. Kuna kijana wa kijijini, hajui baba yake ni nani, anaamka siku moja anaambiwa kuna joka limemteka binti wa mfalme, na yeye peke yake katika dunia nzima ndiye wa kulimaliza. Anapita kijiji hadi kijiji. Anaingia nyumba za watu bila hodi, anafungua masanduku yao, anachukua vilivyomo, na wenye nyumba wanamtazama tu na kumwambia hali ya hewa.

"Huyu angefanya hivyo Bulla Iftin," Hirsi alisema, "joka lingekuwa ndugu yake. Angelikimbilia limfiche."

Mwanzoni gemu inakuuliza majina ya watu watatu utakaotembea nao, na nafasi ni herufi nne tu. Hanad akaandika jina lake, D ikakosa mahali. Likabaki HANA. Yarow akapoteza W yake, akawa YARO. Wa tatu ni mwanamke aliyevaa kanzu nyeupe, hapigani, kazi yake kutembea nyuma na kuwaponya wenzake wakiumia.

"Huyu anatoa uhai kwa kikombe," Yarow akasema. "Mwite muuza chai."

Hanad akaandika jina langu. N haikuingia. Nikawa BILA.

Basi duka zima likafurahi. "Hana na Bila! Hawa wataua joka kwa nini, kwa njaa?" Tangu hapo vita vyote vikatangazwa hivyo: Hana amepigwa, Hana anakufa, Hana bila Bila hana maisha.

Kitu kingine kilichotuchekesha ni SAVE. Hilo ni neno lililo kwenye orodha ya gemu. Ukilichagua, mashine inakumbuka mahali ulipofika, hata ukizima. Hanad alilisema kwa ulimi wa nyumbani, V ikawa F, na kwa Kisomali seef ni upanga. Kila wakitaka kuzima akisema, "Seef kwanza, seef kwanza," Yarow alibonyeza kwa bidii akidhani ananoa upanga. Siku moja upanga ukashindwa hata na chura, Yarow akatupa kontrola, kile kibao cha vitufe, mapajani. "Nimenoa hii seef tangu mvua ianze! Mbona inakata kama kijiko?" Hanad alicheka mpaka akamwaga chai yangu. Hata alipoeleweshwa, jina lilibaki: kuhifadhi ni kunoa.

Sasa mfalme. Mfalme yuko kwenye ngome mwanzoni mwa safari, na hutoki nje ya nchi yake mpaka azungumze nawe. Waliponoa mlangoni kwake wakaingia, akaanza kusema, maneno yakitambaa chini ya picha. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kinatembea kwa magongo, Hanad akatusomea. "Anasema, 'Ewe Hana, utakwenda kuniletea binti yangu kutoka kwa joka? Ukimleta, ni wako.'" Chini yake kukatokea maneno mawili, YES na NO, hayo hata Rukiyo anayajua. Na kidole kidogo cheupe kinaonyesha.

Nikakitazama kile kidole. Hakikukaa katikati. Kilikaa kwenye ndiyo. Hakuna aliyekiweka pale, ndivyo kinavyoanza. Ukitaka hapana, lazima ukishushe mwenyewe.

"Bonyeza hapana tuone," Yarow akasema.

Hanad akashusha kidole, akabonyeza. Mfalme akatikisa taji. Hanad akasoma: "'Labda masikio yangu ya kizee hayakusikia vizuri. Utakwenda?'" Akabonyeza hapana tena. "'Labda masikio yangu ya kizee hayakusikia vizuri.'" Tena. Maneno yaleyale.

"Huyu ni adeer wa mtu," Yarow akasema, na mabenchi yakalia kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilishika kifuniko cha birika mpaka kikaniunguza.

"Hakuna hapana hapa," Hanad akaeleza. "Gemu zote za hivi ndivyo zilivyo. Wanakuuliza ndio ujisikie mkubwa tu. Mwishoni lazima ukubali, la sivyo hadithi haiendi."

"Na ukinyamaza?" nikauliza.

Wakageuka wote. Kopo limesema.

"Kunyamaza vipi?"

"Usibonyeze kitu."

Hanad akaiweka kontrola magotini, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Tukangoja. Mfalme amekaa. Kidole kinawaka na kuzima. Mvua inapiga mabati. Hirsi akazinduka kwenye kiti chake, shavu limejaa mirungi. "Imekwama?"

"Haijakwama, abti. Inangoja jibu," Hanad akasema. "Itangoja hadi Kiyama. Hii kitu kimya haihesabu."

Kumbe kuna mahali, hata kama ni ndani ya sanduku la kioo, kimya si ndiyo. Kimya ni kimya tu. Nilimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa tayari kimejaa.

"Na huyo binti," nikasema, kwa kuwa mdomo ulishafunguka, "ameulizwa?"

"Binti hayuko kwenye hiyo menyu," Yarow akajibu.

"Bilan, yeye ni zawadi," Hanad akanifahamisha, taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Chukulia kama lile sanduku la pangoni. Unafika, unafungua, unapata."

"Sanduku halina mdomo."

"Na huyu naye hajasema neno tangu gemu ianze!"

Wakabonyeza ndiyo, wakaenda, wakauawa na mbwa mwitu kwenye daraja la kwanza. Ukifa unarudishwa uliponoa mara ya mwisho, maana yake mlangoni kwa mfalme, na yeye anauliza upya kama hajawahi kukuona. Wakaenda tena, wakafa tena. Haraka ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Gemu ile inataka uzunguke kwenye majani karibu na kijiji, upigane na vitu vidogo, vyura na popo, na kila ukishinda unaongezewa nguvu kidogo, mpaka siku moja ngoma inalia na umepanda cheo. Ni kazi ya kuchosha. Kwao. Mimi nimechunga mbuzi Kotile kabla ya kuletwa Garissa shuleni. Kuzunguka kichaka kimoja tangu asubuhi hadi jioni naona ni mapumziko.

Basi wakanikabidhi. Adhana ya alasiri ikilia, wanaume wanakwenda msikitini, wakitoka wanapitia kwa muuza mirungi, na Yarow ananirushia kontrola: "Wewe zungusha tu. Ukiona uhai unapungua, kalale nyumba ya wageni. Usiingie kwa mfalme." Nikazungusha. Niliwapandisha Hana na Yaro, lakini Bila nilimpandisha zaidi. Gemu inakuruhusu kupanga nani atembee mbele. Nilimtoa nyuma, nikamtanguliza. Yule mwanamke wa kanzu nyeupe ambaye hakuwa akipigana, ukimpa fimbo na subira, anapiga. Wenzake hawakujua kwa sababu hawakumpa nafasi. Wakirudi nilimrudisha nyuma, wakashangaa tu mbona siku hizi hatufi.

Maji yakaanza kushuka. Lori la kwanza likaingia kutoka Liboi, tope hadi kwenye vioo, na dereva akaleta salamu: Dagane yuko njiani, akifika atakaa kwa Adeer Barre mpaka Ijumaa, kisha nikah. Mama akaanza kutoa nguo sandukuni kuzianika. Hakunitazama akizianika.

Alasiri hiyo nilibaki peke yangu na ile mashine, nikafanya nililokatazwa. Nilimtanguliza Bila, nikanoa mlangoni, nikaingia kwa mfalme.

Mfalme humwita aliye mbele. "BILA," likaandikwa, herufi kubwa. Utakwenda? Kidole kikaja kikakaa kwenye ndiyo.

Nikakishusha. Hapana.

Labda masikio yangu ya kizee.

Hapana. Labda masikio yangu. Hapana. Mara za kwanza nilijisogeza nyuma, nacheka mwenyewe nikikumbuka, kama vile askari wale wa mikuki wangetoka kwenye kioo. Halafu nikaangalia pembeni, pale panapoandikwa namba ya uhai. Mbwa mwitu humpunguzia Bila uhai. Nyoka humpunguzia, sumu humpunguzia, hata kukanyaga matope meusi humpunguzia. Hapana haikumpunguzia kitu. Nilisema hapana mpaka kidole gumba kikafa ganzi, na namba imesimama palepale.

Nikaendelea kutazama. Askari hawasogei. Lango halifunguki. Muziki unazunguka uleule. Joka liko pangoni mwake linangoja, binti yuko mnarani anangoja, nchi nzima imesimama, na mfalme na taji lake hawezi kuinuka pale kitini kwenda hata chooni mpaka mimi niseme. Siku zote nilidhani anayesumbuliwa na swali ni mwenye kuulizwa. Kumbe aliyefungwa kwenye kiti ni yeye.

Kidole gumba kilikuwa kimeshajua. Mdomo ndio ulikuwa bado. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Sitaki." Ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Nikabonyeza, akauliza, nikasema tena bila shukrani yoyote mbele yake: "Sitaki!" Ikatoka vizuri. "Sitaki!" Nilikuwa naipenda sasa. Nyuma yangu pazia likafunguka, sikusikia. "Sitaki!" Jenereta ikakohoa, picha ikajikunja ikawa nukta, giza, na mtu akapiga ukelele.

Hayo ndiyo aliyoyaona Rukiyo.

Kesho yake Soko Mugdi lote lilikuwa na habari. Kufika adhuhuri mfalme alikuwa mfalme wa majini, ana jeshi chini ya mto, na mafuriko yale ni yeye aliyekuja kunichumbia. Wateja wengine wakahama chai yangu. Wengine wakaja kwa wingi, kuniangalia tu. Yarow akaingia akainama hadi chini: "Malkia, chai moja, kama mfalme wako ameridhia." Hanad akatikisa kichwa. "Bilan, umemkataa msee ako na ngome? Na Dagane je, ako na lori tu?"

"Dagane nilimkataa kabla," nikasema. "Hamkusikia kwa sababu nilikuwa kwenye shukrani."

Hawakunielewa. Hanad akawasha mashine, ikawaleta mlangoni kwa mfalme, Bila mbele, Hana nyuma. Akaona nguvu za Bila, akaita wenzake waje waone. "Nani amemfanya hivi?" Nikampa chai yake nikaondoka; nilikuwa nimeitwa nyumbani.

Adeer Barre alikuwa kwenye mkeka. Safari hii hakuja na wazee. Alikuja na Rukiyo, au Rukiyo alikuja naye. Mama nyuma ya pazia. Nikamwamkia, nikammiminia chai, nikaketi.

"Bilan," akasema, "nimesikia."

"Umesikia nini, adeer?"

"Kwamba kuna kitu kimekuingia."

"Kwa haya macho yangu mawili!" Rukiyo akadakia. "Ndevu mpaka hapa! Na anamwita kwa jina!"

"Rukiyo, tulia." Adeer akasogeza kikombe, akashusha sauti. Si mtu mkali, adeer wangu. Ni mtu anayechoka. "Sikiliza, binti yangu. Kama ni jini, hilo si kosa lako. Tutaita sheikh akusomee. Dagane amefika jana usiku, amesikia, na yeye ni mtu mwenye akili, hataki mke ambaye tayari ana mwenyewe ndani yake. Ataondoka kwa amani. Neno langu kwake litabaki zima, maana mimi sikuvunja, ni jini amevunja. Na wewe utabaki hapa kwa mama yako. Hakuna atakayeaibika. Sema tu ni jini."

Nyuma ya pazia mama akakohoa. Najua vikohozi vya mama. Kile kilisema: chukua.

"Sema, abaayo," Rukiyo akanihimiza. "Mimi shahidi."

Nilikiona kile kidole cheupe. Wallahi nilikiona, kimekaa kwenye ndiyo, kinawaka na kuzima. Sikuwa na haja hata ya kusema. Ningenyamaza tu, wangeinua mikono, na Dagane angewasha lori lake. Nilikuwa nimeomba maji yasishuke kwa ajili ya jambo hilihili, na sasa ninaletewa kwenye kikombe.

Lakini ningekuwa nani baada ya hapo? Msichana mwenye jini. Nikikataa posa nyingine, ni jini. Nikikataa bei ya mteja, leteni ubani. Nikisema sijapenda chumvi ya mchuzi, mwiteni sheikh. Hapana zangu zote, maisha yangu yote, zingekuwa za mtu mwenye ndevu nyekundu ambaye hata hayupo.

"Si jini, adeer," nikasema. "Ni mimi."

"Bilan."

"Ile ni gemu ya Hirsi. Nenda ukaione, iko pale, mfalme bado anauliza. Aliyesema sitaki ni mimi. Na kwa Dagane pia ni mimi. Sitaki kuolewa naye."

Rukiyo akashika kifua. Adeer akalitega sikio upande wangu, na kile alichosema karibu kinitoe kicheko mbele ya mkubwa wangu.

"Labda sikusikia vizuri."

"Sitaki kuolewa na Dagane."

"Ulinyamaza mbele ya wazee wawili."

"Nilikuwa natafuta maneno ya heshima. Hamkuningoja. Sitaki."

"Ni mtu wa swala."

"Ni mtu wa swala. Sitaki."

"Unataka kuniambia niende kwa wanaume wenzangu niseme neno langu limerudi nyuma? Kwa sababu gani? Niwape sababu gani?"

"Kwamba niliulizwa, na hili ndilo jibu. Sitaki, adeer."

Akauliza tena, kwa njia nyingine, kwa baba yangu, kwa ukoo, kwa upweke wa mama. Akainua sauti, akaishusha. Chai yake ikafanya utando juu. Kila alipouliza nilijibu, bila kelele, na kila nilipojibu nilijiangalia ndani kidogo, pale ambapo kwenye kioo huwa pana namba. Ilikuwa palepale.

Mwisho akachoka, akasukuma kikombe kando. Nikaona hapo ndipo mahali pangu. Nikaondoa kikombe kile cha utando, nikammiminia kingine, cha moto, nikakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Adeer, umeniuliza vya kutosha. Sasa mimi nina ombi, na wewe ndiye wa kuulizwa." Mama aliacha kukohoa. Rukiyo akajisogeza karibu asipitwe na neno. "Naomba idhini yako nibaki hapa Garissa na chai yangu, na mtu asipelekewe neno langu mpaka nimelitamka mwenyewe. Naomba leo hii umwambie Dagane kwamba aliyemkataa ni Bilan, binti ya ndugu yako, mwenye akili zake, na wala si jini. Kama hutaki, sema."

Adeer akanitazama. Kisha akautazama mkeka.

Upepo ukalivuta pazia, likatulia. Nje lori lilikuwa likipiga honi kuelekea sokoni, barabara zilishafunguka. Adeer alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, akaendelea kuutazama mkeka.

Mimi naweza kungoja. Nikaweka mikono yangu mapajani, viganja juu, tayari kwa fatiha.